Santuri Isiyo na Mwimbaji

Watu wengi wa rika langu waliijua jazi kwenye kumbi za dansi. Mimi niliijua nikiwa nimeketi, mguu kwenye pedali ya cherehani, barazani kwa fundi mmoja wa Mbeya. Mara ya kwanza nilipoisikia sikuipenda wala sikuichukia. Niliichungulia tu, kama mtu anavyochungulia mlangoni kuona kama mwenye nyumba yupo.

Fundi yule alikuwa mtu wa asili ya pwani. Babu yake alipanda huku na misafara, baba yake akafungua duka, na yeye akarithi mlango mmoja wa duka hilo pamoja na baraza yenye cherehani tatu. Aliamini kwamba mteja huvutwa na sikio kabla ya jicho. Kwa hiyo kila asubuhi, tukishamaliza kufagia, kazi ya kwanza ilikuwa kuzungusha mpini wa gramafoni na kuweka santuri. Tulikuwa na taarabu, tulikuwa na nyimbo za dansi, na ilikuwapo kasida moja aliyoipiga Ijumaa tu kabla ya kwenda msikitini.

Siku moja akaja dereva wa lori aliyezoea kwenda mpaka kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma. Alikuja kuchukua suruali zake, na mkononi alikuwa na santuri mbili zilizofungwa kwa gazeti. Alimkabidhi Fundi, akisema kule migodini watu wanazigombania. Fundi akaiweka moja papo hapo.

Zikaanza ngoma, polepole. Kikafuata kinanda, halafu tarumbeta. Tukangoja. Tarumbeta likaendelea.

"Mwimbaji yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Anakuja, Mzee," alijibu mwenzangu wa cherehani ya pili, Msafwa mmoja mtu mzima ambaye hakuweza kukaa dakika chache bila utani. "Hao wanamfagilia njia."

Tarumbeta likanyamaza, ikaingia saksafoni. Fundi aliinua mkasi na kuusimamisha hewani.

"Bado tu?"

"Labda amekwama Mbalizi. Jana mvua ilinyesha sana."

Santuri ikafika mwisho, sindano ikabaki inakwaruza. Fundi akaigeuza upande wa pili. Huko nako hakukuwa na mtu.

"Kijana," akamwambia dereva, "umebebeshwa arusi isiyo na bibi arusi."

Dereva alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Mzee, hii ni jazi ya vyombo. Ndivyo ilivyo. Hakuna anayekuja."

Maneno hayo, kwamba hakuna anayekuja, niliyachukua nikaenda nayo nyumbani Iyunga. Wakati ule baba alikuwa amekwisha kufa, na mama alikuwa amemfuata kabla hatujazoea kulala bila yeye. Tulikuwa wanne. Mimi wa kwanza, niliyetoka shule darasa la nne ili niingie kwenye ushonaji. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameanza kuchukua umbo la mama na ukali wake. Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa kimyakimya aliyependa shule. Na kitinda mimba wetu, binti aliyekuwa bado hajang'oka meno ya utoto. Baba alikuwa mwashi. Alituleta Mbeya kutoka Iringa kwa sababu ya kazi, na kazi ilipomwisha na pumzi nayo ikawa imemwisha.

Nataka kueleza kwa nini muziki ule ulinishika, na siwezi kueleza bila kusema habari za maneno. Mtu akifiwa hupewa maneno. Watu walitupa maneno mazuri, na nawashukuru mpaka leo. Lakini kila neno lilikuwa na mkono ulionyooshwa. Pole inataka uitikie. Jipe moyo inataka ujipe moyo hapohapo, mbele ya aliyekuambia. Wewe ndiye baba yao sasa, hilo nililisikia kutoka kwa watu wa msikitini na wa kanisani, sokoni na kisimani, na kila nilipolisikia niliinamisha kichwa na kusema ndiyo. Jioni mdomo wangu ulikuwa umechoka kuliko miguu.

Santuri ile haikuniambia lolote. Tarumbeta lilipolia lilikuwa na huzuni, hilo lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye masikio, lakini halikusema ni huzuni ya nani, wala halikuniuliza ya kwangu. Niliweza kukaa ndani yake huku nakunja pindo la kaptura ya mtu. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuipenda.

Kuipenda ni jambo moja, kuifuata ni jingine. Muziki wa dansi ulikuwa rahisi kwa fundi cherehani, maana mguu uliingia wenyewe katika mwendo na mshono ukanyooka. Ile jazi ilinitupa nje ya mwendo. Nilikanyaga nikiamini pigo litakuwa hapa, nalo likaja pembeni kidogo, na mara mbili au tatu nilishona mfuko ukaenda kombo. Msafwa akaniambia, "Wewe unamfuata anayecheza. Mfuate anayefanya kazi."

Alikuwa anatania, lakini nilijaribu. Niliacha kusikiliza tarumbeta. Nikatafuta chini kabisa, kwenye besi, lile zeze kubwa ambalo dereva alitueleza kwamba husimama kama mtu na mpigaji hulikumbatia. Lilikuwa likitembea. Hatua, hatua, hatua, halikukimbia wala halikusimama. Mguu wangu ukaingia humo, na tangu hapo mshono ulinyooka.

Baadaye nilielewa jambo jingine, nalo nilielewa kwa sababu ya bandi. Fundi akitaka kuunganisha vipande viwili hupiga bandi kwanza, ule uzi mrefu wa mkono wa kushikiza, ndipo apitishe cherehani. Mshono wa kweli haupiti juu ya bandi sawasawa. Hupita kando yake, huisogelea, huiacha kwenye kona, hurudi. Vazi likiisha bandi hung'olewa, na umbo hubaki. Niligundua kwamba wale wapigaji walikuwa na wimbo mfupi wanaoupiga wote mwanzoni, ule ulikuwa bandi yao. Kisha mmoja mmoja aliondoka, akapita kando ya wimbo, akauacha, akaurudia mahali ambapo hukumtegemea. Ukiushika ule wimbo wa mwanzo moyoni, hupotei. Usipoushika, utasema ni kelele, kama wateja wengi walivyosema.

Kwa kweli wateja waliziogopa santuri zile. Mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni aliuliza kama chombo kimeharibika.

Basi, mwaka uliofuata baba mkubwa, kaka yake baba, alituma neno kutoka Iringa. Alisema haifai watoto wa ndugu yake wawe wapangaji ugenini wakati baba yao alikuwa ameacha nyumba Ipogolo. Nyumba hiyo ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, baba aliijenga kidogo kidogo kila alipokuja likizo. Nilimweleza Fundi. Alinipa ujumbe wa mdomo kwa fundi mwenzake wa Iringa mjini ili nipate kiti kwenye baraza yake, na akanipa ile gramafoni ya zamani, maana alikuwa amepata mpya.

"Springi yake imechoka," alisema. "Ukiizungusha sana itakatika, usipoizungusha italala. Na zile mbili zisizo na mwimbaji zichukue. Hapa zinanifukuzia watu."

Tukapanda lori na godoro, sufuria, kuku wawili, na gramafoni imefungwa ndani ya blanketi la mama.

Ipogolo ilikuwa bondeni, barabara kuu ikipita na mto Ruaha Mdogo ukipita, na mji wenyewe uko juu ya mlima. Kila asubuhi nilipanda mlima kwenda barazani kushona, jioni nikashuka. Mdogo wangu wa kike alishika nyumba. Tulilima kiwanja kidogo cha mahindi nyuma. Majirani wengi walikuwa Wahehe na Wabena wa Kilutheri, watu wa kusalimiana kwa urefu, kamwene kwa kamwene, mpaka ujue na hali ya ng'ombe wa shemeji yake mwenzako. Jirani wa karibu kabisa alikuwa mama mmoja mjane mwenye sauti kubwa. Alizoea kunikuta nachambua mboga akasema, "Huyu kijana ataoa wa nini? Tayari ni mke."

Baba mkubwa alikuja kutuona mwezi wetu wa kwanza pale. Yeye alikaa kijijini, safari ya baiskeli ya nusu siku kutoka kwetu, na alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mwema. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akamwona vinginevyo. Alizunguka nyumba, akagusa kuta, akatazama choo, akatazama ghala letu dogo, kisha akaketi.

"Umejitahidi," aliniambia. "Lakini mtoto halei mtoto. Huyu wa kike ataenda kwa shangazi yenu. Huyu wa kiume nitakaa naye mimi. Mdogo atakwenda kwa watu wa mama yenu. Wewe utakuwa huru, utafute maisha."

"Baba," nilisema, "naomba tukae."

"Mnakaa na nani?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko kama angenigombeza.

"Haya. Tuvune kwanza," alisema. "Baada ya mavuno nitakuja. Nikiona mambo hayajakaa sawa, nawachukua."

Tangu siku ile sikufikiri jambo jingine. Nilishona, nilipalilia, nilikarabati paa, na kila nilipoona mahindi yanakauka shambani niliyaona kama saa inayosogea. Wadogo zangu walijua. Mdogo wangu wa kiume aliniuliza mara moja tu, "Kaka, mahindi yakichelewa kukauka inakuwaje?" Nikamwambia mahindi hayajawahi kuchelewa kwa ajili ya mtu.

Tulipoanza kuvunja mahindi kitinda mimba akashikwa na homa. Haikuwa homa ya kawaida. Nilimbeba mgongoni kupanda naye mlima hadi hospitali, wakamlaza, wakampa dawa, na mama jirani akakaa naye mchana mimi nilipokuwa kazini. Ipogolo nzima ilijua kwamba mtoto wa yule marehemu mwashi ni mahututi. Tukaruhusiwa kumrudisha nyumbani akiwa mwepesi kama kitenge kilichofuliwa. Hakutaka kula. Alitaka kulala tu akitazama ukuta.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikaa naye, mlango na dirisha vimefunguliwa apate hewa. Bila kugeuza kichwa akasema, "Kaka, piga ile ya watu wasiosema."

Nikaitoa gramafoni, nikaiweka mlangoni penye mwanga, nikaizungusha kwa uangalifu. Niliogopa kuikata springi, kwa hiyo sikuizungusha vya kutosha. Nikaweka ule upande wenye matarumbeta mengi.

Hapa lazima nieleze desturi ya pale. Kanisa la Kilutheri lilikuwa na kikundi cha matarumbeta, wanaume wa kawaida, wakulima na mafundi, waliofundishwa na wanafunzi wa wamisionari. Walipiga Krismasi na Pasaka, lakini zaidi ya yote walipiga msibani. Mtu akifa, hata kabla ya tangazo, walikwenda nyumbani kwake wakapiga wimbo wa maziko bila mwimbaji, polepole, na maneno kila mtu aliyaimba kimoyomoyo. Tarumbeta likisikika kutoka nyumba yenye mgonjwa, hakuna aliyengoja kuitwa. Ulichukua kuni, au unga, au jembe, ukaenda. Nami nililijua jambo hilo. Baba alizikwa hivyo hivyo, kijijini kwao. Ila nilikuwa nimekaa Mbeya miaka mingi, na kichwani mwangu santuri ilikuwa kitu cha dukani, cha kuitia wateja.

Santuri ikaanza vizuri. Halafu springi ikaanza kuchoka. Muziki ukapungua mwendo, sauti zikashuka, na tarumbeta lililokuwa likicheza likawa linaomboleza. Ngoma na kinanda, mtu wa nyumba ya pili hawezi kuvisikia. Tarumbeta husafiri. Lilivuka mto.

Mdogo wangu mgonjwa alikuwa amegeuka kutoka ukutani, anatazama santuri inavyozunguka. Nilikuwa nimefurahi kwa hilo tu, sikuangalia nje. Niliposikia nyayo nikainua macho, nikamwona mama jirani anakuja na mzigo wa kuni kichwani, kanga amejifunga kiunoni, machozi yanamtiririka. Nyuma yake wanawake wengine na nyungo za unga. Nyuma yao wanaume, na mmoja ana sepetu begani.

Mama jirani alitupa kuni uani, akaingia moja kwa moja, akafika kitandani, akasimama.

"Shikamoo mama," mtoto alisema.

Mama jirani hakuitikia. Alimtazama, akanitazama mimi, akatazama gramafoni, ambayo ilikuwa imefika kwenye kuguna. Akaketi chini sakafuni.

"Mmenipunguzia umri miaka mitano," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kumlilia na mama yenu humohumo."

"Mama, ni santuri tu," nilisema.

"Santuri. Tarumbeta linalia kwenye nyumba yenye mgonjwa, nami nikae nachambua mchicha?"

Nje neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo, na nilisikia kwanza ukimya, kisha mtu mmoja akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, kisha wakacheka wote. Mwenye sepetu akasema, "Na mimi nimeacha matofali yangu juani."

"Usirudi na sepetu safi," mama mmoja alimwambia. "Choo cha hawa watoto kimejaa. Chimba."

Akachimba. Mimi nilidhani ni mzaha mpaka nilipoona udongo. Wanaume wengine wawili wakaenda kumsaidia. Wanawake, maadamu kuni zilikuwapo na unga ulikuwapo, wakawasha moto wakasonga ugali, na kutoka mahali fulani likatokea jungu la maharage. Mtoto, kwa kuona watu wengi wanakula, akaomba uji. Dada yake alikwenda nyuma ya nyumba kulia, akarudi akiwa amenawa uso.

Tulikuwa tunakula ndipo mama jirani akaacha tonge mkononi.

"Nimemtuma kijana wangu kwa baba yenu mkubwa," alisema. "Kwa baiskeli. Alitoka tarumbeta lilipoanza tu."

Watu wakatazamana. Hakukuwa na namna ya kumfikia kijana yule. Kwa muda wote ule nilikuwa nikiomba tu kwamba baba mkubwa akija akute mambo yamekaa sawa. Sasa angekuja akiwa amefiwa, na angekuta gramafoni.

"Sisi ndio tuliotuma," mama jirani alisema. "Sisi ndio tutakaosema naye. Wewe nyamaza."

Asubuhi yake watu walirudi baada ya ibada, wanaume wakaendelea na shimo. Lori la mahindi likasimama barabarani, akashuka baba mkubwa. Alikuwa amevaa koti jeusi. Hakuwa peke yake. Alikuja na wenzake watatu wa kikundi cha matarumbeta cha kijijini, wamebeba vyombo vyao kwenye mifuko ya kitambaa. Sikuwa nimejua kwamba baba mkubwa naye alikuwa mpigaji. Alibeba lile kubwa kabisa, la besi, kama mtu aliyebeba mtoto.

Akaja hadi uani. Akaona watu, akaona moto, akaona rundo la udongo mwekundu nyuma ya nyumba. Akavua kofia.

"Mbona mmelichimba karibu na nyumba hivi?" aliuliza, na sauti yake ilivunjika katikati.

Mama jirani alikuwa amejiandaa kusema maneno mengi. Hakuyasema. Aliingia ndani, akatoka na mtoto amembeba kiunoni.

Baba mkubwa alisogea. Akaweka chombo chake chini kwenye vumbi, jambo ambalo wapigaji hawafanyi, akanyoosha mkono akamgusa mtoto shavuni, akamgusa na sikioni. Mtoto akamwamkia. Akaitikia vizuri, kama kawaida, "Marahaba, mwanangu," kisha akaenda kuketi kwenye gogo na kuficha uso ndani ya kofia. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyemsogelea.

Mama jirani alipomweleza yote, la kuni, la santuri, la shimo la choo, alisikiliza bila kumkatiza. Nilisimama mbele yake nikingoja hukumu. Aliniangalia.

"Hebu tuisikie hiyo iliyomuua," alisema.

Nikaileta gramafoni uani. Safari hii niliizungusha vya kutosha. Wapigaji watatu wakasogea na kuinama, wakiweka mikono magotini kama watu wanaotazama kisimani. Walikunja nyuso kwa kuchukizwa mwanzoni. Halafu mmoja akasema, "Huyo ametoka nje ya wimbo."

"Amepotea," alisema wa pili.

"Ngoja. Hapana, anarudi. Anarudi, msikilize." Yule wa kwanza aliinua kidole, na tarumbeta liliporudi kwenye wimbo alikishusha kidole taratibu. "Eh. Alijua njia."

"Kanisani ningemfukuza."

"Ungemfukuza, halafu ungemfuata nje ukamsikilize."

Baba mkubwa hakuwa katika maongezi hayo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na niliona kidole chake kikigonga goti, hatua, hatua. Santuri ilipokwisha aliniambia niirudie. Baada ya mara ya pili akauliza, "Huyu wa chini anapiga nini?"

"Ni besi, Baba. Zeze kubwa la kusimama."

"Wote wanatangatanga, yeye hatoki."

"Hatoki."

"Wakimkosa?"

"Wataanguka," nilisema. "Mimi ndiye ninayemfuata nikishona."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniangalia kwa muda, akawaangalia wadogo zangu waliokuwa wamesimama mlangoni kwa mpangilio wa urefu, hawajui waweke mikono wapi. Akawatazama wale wanaume wenye udongo magotini na wanawake waliokuwa wakichekecha unga ambao haukuwa wa kwao tena. Nadhani alikuwa akilitafutia jibu swali lake la mwezi wa kwanza, lile la mnakaa na nani.

"Jana usiku nilisali," alisema, "nikihesabu kwamba wamebaki watatu. Nimefika, nimewakuta wanne. Sitawapunguza mimi."

Mdogo wangu wa kike hakuelewa mara moja. Akanishika mkono wa shati. "Amesema nini, kaka?"

"Amesema tukae," nilimwambia.

Alasiri, kabla lori la kurudi halijapita, wapigaji wale walijaribu. Walitoa vyombo, wakashika ule wimbo mfupi wa mwanzoni, wakaupiga kwa mwendo wa kanisani kwa sababu hawakujua mwendo mwingine. Mmoja alithubutu kuondoka kando kidogo, akapotea kabisa, wakacheka. Baba mkubwa aliwashikilia kutoka chini kwa mapigo mazito, na mashavu yake yalijaa na kupungua kwa utulivu. Ndio muziki mbovu kuliko wote niliowahi kuusikia nikaupenda.

Alipopanda lori alinipa sharti moja. Kila tukitaka kupiga santuri zile, kwanza mtu azunguke nyumba za jirani kusema kwamba hakuna aliyekufa. Kazi hiyo aliichukua kitinda mimba alipopata nguvu. Jumamosi alasiri alitembea kutoka mlango hadi mlango, akiwa amevaa gauni nililomshonea kwa vipande vya kitambaa cha wateja, na nilimsikia akitangaza kwa sauti ya kikazi kabisa, "Hakuna msiba. Ni santuri."

"Kama hakuna msiba," mama jirani alimjibu kutoka jikoni kwake, "leo nakuja mikono mitupu."

Akaja, akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango.